Rivolva ya R38 000 na Chupa ya Mafuta ya Upako

Kwako Yaya, mkubwa wangu wa tumbo moja,

Rivolva yako imepata bei. Nakuandikia wewe kwa sababu ni wewe uliyezoea kuniambia kwamba najua bei ya kila kitu na sijui thamani ya chochote. Sasa ya chuma chako naijua, na wewe hupo kunibishia. Huku nyuma umeacha maswali mawili. Mke wako anataka kujua kwa nini haikulia siku ile. Papa Aimé, shemasi wa kanisani kwetu, anataka kuinunua. Karatasi za mirathi zinasema mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo yote mawili yamelala mezani pangu, katikati ya cherehani za watu.

Unakumbuka siku ulipokuja kunionyesha? Uliingia karakana yangu pale Point, hapa Durban, na kasha la mbao kwapani. Ukaondoa vikombe vya chai, ukafuta meza kwa mkono wa shati, ndipo ukafungua.

"Angalia, mdogo wangu. Hii si ya duka-duka. Imelainishwa kiwandani kwa mkono. Fundi mmoja tu, toka mwanzo mpaka mwisho. Ameweka na sahihi."

"Bei?"

"Wewe! Kila kitu kwanza bei."

"Bei, Yaya."

"Thirty-eight."

"Hundred?"

"Eish! Thousand!"

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa akingoja cherehani yake ya ovaloki akacheka naye bila kujua sababu. Wewe hukucheka. Ukanieleza: triga laini kama siagi, silinda inazunguka bila kelele, mpini wa mti wa rangi ya asali, cheti chenye muhuri. Nikakuuliza ya kawaida, ya kiwanda hichohicho, chuma hichohicho, inauzwa ngapi. Ukasema R13 000. Nikatoa moja kwenye nyingine. Tofauti ni R25 000. Risasi hamsini zilikuwa R600 kasha. Kwa tofauti hiyo ungenunua makasha arobaini na moja, risasi elfu mbili na hamsini, ukaenda uwanja wa shabaha kila Jumamosi mpaka mkono ujifunze wenyewe. Wewe ulipiga kumi na mbili katika maisha yako yote, kisha ukasema zinatosha, chuma kizuri hakichoshwi. Gawanya, Yaya. Kila risasi uliyopiga ilikugharimu zaidi ya R3 000. Hata matajiri wa Umhlanga hawapigi kelele ya bei hiyo.

Ukafunga kasha. "Kaa na sindano zako," ukasema. "Kuna vitu vinapimwa kwa heshima."

Haya. Nikakaa na sindano zangu. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kupeana mkono kanisani tu.

Lililoniuma si pesa, zilikuwa zako. Liliniuma kwa sababu nakujua. Wewe ndiye uliyenifundisha kununua. Mwaka wetu wa kwanza Durban, wewe ukilinda magari ya watu South Beach, mimi nikifagia kiwanda cha nguo Pinetown, tulikwenda kutafuta sufuria moja na ukamchosha mwenye duka saa nzima. Uligonga kila sufuria kwa kucha ukisikiliza. Ulitia maji, ukainamisha, ukangoja kama itavuja. Mwenye duka akasema, "My friend, unanunua sufuria au unaioa?" Ukamjibu: "Mke atasema akiumwa. Sufuria haisemi." Tulirudi nyumbani tukicheka barabara nzima, na sufuria ile ilitupikia miaka tisa.

Mtu huyo huyo, mwenye kucha za kusikiliza chuma, akanunua kinga ya roho yake kwa kusoma karatasi. Duka lako la simu lilipoanza kuingiza pesa, ukaacha kugonga. Ukaanza kuamini masanduku. Sanduku zito, kitu kizuri. Ndiyo maana nakucheka, Yaya, na ndiyo maana kicheko hakinitoki vizuri.

Kisha Jumapili ile. Kwetu kila kipya kinapita mbele ya madhabahu: funguo za gari, leseni ya saluni, hata pasi ya umeme ya Mama Furaha. Wewe ukapeleka rivolva. Ulikuwa umeitoa risasi, hilo nakupa. Pasta akaimiminia mafuta ya upako, mafuta ya zeituni yaleyale tunayotia kwenye kachumbari, yakaingia pembeni mwa nyundo inayogonga risasi na nyuma ya silinda. Watu wakapiga makofi. Wewe ukanunua chupa yako ndogo, ukaiweka karibu na kaunta, na kila mwanzo wa mwezi ukaongeza tone. Mke wako ndiye aliyenihesabia: miezi kumi na moja.

Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua kila chuma kina mafuta yake. Mafuta ya kula yakikaa ndani ya mashine yanageuka gundi. Nimefungua cherehani ngapi ambazo mama fulani alizitia mafuta ya kupikia, zikagoma kama punda? Naziloweka kwenye mafuta ya taa, nasugua kwa mswaki, na mama anaapa kwamba mashine imerogwa. Wewe hukuuliza. Kumuuliza mtu wa sindano kuhusu chuma cha R38 000 kungekushusha.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, duka limejaa jua. Dada wa saluni ya jirani aliona yote kupitia kioo. Alikuja jambazi mmoja tu, na bastola ya kutu, mpini umefungwa kwa utepe wa mafundi wa umeme. Kitu cha bei ya jozi ya raba. Wewe ukaitoa ya kwako kwanza, dada anasema ulikuwa mwepesi. Ukavuta. Tik. Ukavuta tena, tik, na ya tatu. Yule naye akaogopa, akavuta mara moja. Utepe wa umeme ukalia, Yaya. Cheti chako kilikuwa ukutani, ndani ya fremu.

Polisi waliishikilia kwa ushahidi, kisha ikapelekwa kwa muuzaji mwenye leseni Pinetown, maana sheria hainiruhusu hata kuilaza nyumbani. Pale kuna fundi wa bunduki, Bwana Idrisa, mzaliwa wa Durban ambaye wazee wa wazee wake walitoka pwani ya Waswahili huko juu. Kiswahili chake ni cha bibi yake, kidogo lakini safi. Nikamwambia: usinipe hadithi, nipe hesabu. Akapiga sita kabla ya kuifungua. Zililia mbili. Akalitoa bamba la ubavuni, akaniita nione. Yaya, nilijua harufu kabla sijaona. Gundi ya rangi ya asali, kama ule mti wa mpini wako. Nyundo ilikuwa inaogelea.

Akaiosha yote. Akachukua risasi thelathini za aina uliyonunua wewe, zile za bei nafuu zenye kitako kigumu pale nyundo inapogonga. Tano hazikulia. Kisha thelathini za kitako laini. Zote zikalia.

"Unaona, mama," akasema. "Kule kiwandani wamelegeza springi, ndiyo triga inakuwa laini. Nyundo inagonga kwa upole. Kwa mtu wa mashindano, anayechagua risasi zake, safi kabisa. Chuma si kibaya."

"Na kwa mtu wa duka la simu?"

"Ya thirteen thousand ingemtosha. Ile inagonga kama mkwe mwenye hasira."

Tano kati ya thelathini ni moja kati ya sita. Silinda ina matundu sita. Kwa hiyo hata bila upako, kwa risasi zako zile, ulikuwa unajaza silinda na moja ndani yake imeshakusaliti. Hicho ndicho ulichonunua kwa R25 000 za juu: ulaini wa kidole. Aliyekuuzia hakukuambia. Alikuuliza kama unataka mpini wa asali au wa kahawa.

Papa Aimé alikuja na suti yake ya Jumapili siku ya Jumanne. Anataka kuiweka kwenye duka lake la vitenge. Alikuwa tayari na R30 000 pamoja na fremu ya cheti. Mke wako alikuwa ameketi pale, na pesa hizo zinalipa pango la fleti ya Berea miezi minne. Nilimwonyesha karatasi ya Idrisa, nikamweleza mafuta na springi.

Akasikiliza, akatabasamu. "Mama, wewe ni mtu wa cherehani. Kitu cha kiwanda kikubwa hakiwezi kukosea. Labda imani ya marehemu ilikuwa ndogo."

"Na wewe utaitia mafuta gani, Papa?"

"Ya upako, bila shaka."

Nikamfungulia mlango. Nilisema, Papa Aimé, kawaulize wajane wapya wanavaa namba ngapi, kisha umnunulie mke wako gauni jeusi, litakutoka kwa bei rahisi zaidi. Alitoka bila kuaga.

Imeuzwa jana kwa mtu wa mashindano, mzee anayepiga karatasi za shabaha siku za mapumziko na kuchagua risasi zake moja moja. Nilimwambia kila kitu. Alitoa R19 000, na cheti hakukitaka. Hiyo ndiyo bei ya ukweli: nusu ya majivuno yako. Kwa mzee yule ni kitu kizuri. Kwako kilikuwa pambo.

Mke wako hakulalamika kwa R11 000 zilizopotea mlangoni. Alizipokea zile kumi na tisa, akazihesabu, akaziweka. Kisha akauliza polepole, bila kuniangalia:

"Wifi. Siku ile Pasta anamimina mafuta, ulikuwa kanisani?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua yatafanya nini?"

Ningeweza kumpa springi. Ningeweza kumpa kiwanda, muuzaji, risasi za bei nafuu, majivuno yako. Vyote ni kweli, na nina karatasi.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilikuwa bado nimekasirika. Nikasema moyoni, acha igande, atakuja mwenyewe kuniomba nimfungulie. Ingenichukua dakika kumi."

Akachukua mkoba wake akaenda. Leo asubuhi ameniletea sketi za watoto nikaze mikanda. Nimezikaza.

Lala, Yaya. Sijamaliza kukasirika nawe, ila kidole cha kukunyooshea sina tena.

Ni mimi, mdogo wako, mtu wa sindano.