Ulifuta Jina Langu Juu ya Faili

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nimesoma ujumbe wako. Kimya muda wote huu, halafu leo, "Aki nisaidie kidogo, ile kitu yetu imekataa." Leo ndiyo imekuwa yetu?

Unakumbuka ofisi ya kiwanda, mvua ya mchana ikipiga mabati hadi tunaongea kwa kupaaza sauti? Tulikuwa tukiingiza uzito wa majani ya kila kituo cha kupimia chai kwa kuandika amri kwenye terminali ya kompyuta. Ukiandika Chep ukabonyeza Tab ikumalizie jina, skrini inajaa majina, maana majina ya vituo vingi huku yanaanza hivyo. Wewe mzaliwa wa huku huku, wa Merigi, uliona ni kawaida. Mimi, mtoto wa wachuma chai waliotoka upande wa ziwa, sikio langu lilishika mwisho wa majina hayo kabla ya mwanzo.

"Si tuanzie mwisho?" nikakuuliza. "Mtu aandike lat, ilete Chepilat."

Ukacheka mpaka ukamwaga chai. "Wewe kweli ni mgeni!"

Lakini tuliitengeneza, programu-jalizi yetu ya kwanza, kijiprogramu cha kuchomeka kwenye terminali. Wewe uliandika usanidi, mimi nikaandika sehemu ya kutafuta majina. Juu kabisa ya faili tukaweka majina yetu mawili. Nilikupenda sana siku hizo, na sioni haya kusema.

Kisha ukaenda nayo Nairobi kutafuta kazi, ukaipata. Nilipofungua faili uliyoweka mtandaoni, jina lilikuwa moja. Nikakupigia.

"Wasee wa huku kazini hawajali nani alifanya nini," ukasema. "Si tutaoana? Ni yetu tu."

Hatukuoana.

Sasa umeiandika upya ianzie mwanzo wa jina kama za wenzako, na makarani wa viwanda vya huku wanaoitumia wanakupigia kelele. Ile sehemu yangu uliifuta, na kuiandika tena huwezi, kwa sababu hukuwahi kuisoma. Ulijua kuibeba tu.

Nimeshaitengeneza. Inafanya kazi hapa kiwandani, na sikutumii. Zamani ningekutumia kabla hujamaliza kuomba, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kuniacha, watu huachana, hilo nimelimeza. Lakini kuandika jina langu pale juu hakukukugharimu chochote, na bado ulikaa chini ukalifuta, herufi kwa herufi.

Ishi huko unakoishi.

Aliyekuwa mchumba wako