Kadi Mbili na Jina Ambalo Mama Halitamki

Iwawa, Jumamosi jioni, mwezi wa sita.

Leo asubuhi sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ililala juu ya viazi vya mama. Jua lilipotoka majani yakawa meusi, na mama akayapita bila kuyatazama, kama mtu aliyekwisha kulia kilio chake mapema. Sasa nimekaa karibu na moto jikoni kwake, kompyuta magotini, moshi machoni. Mtandao ukikubali nitaituma hii leo. Ukikataa, itasubiri nifike Makambako.

Nimechoka, lakini nisipoandika sitalala.

Kwenye pochi yangu kuna kadi mbili za mkopo, na leo ilikuwa lazima nichague moja. Nikilisema hivyo linasikika kama jambo dogo, la watu wenye nafasi. Ningefurahi lingekuwa dogo.

Kwa asiyenijua, mimi nauza mbao Makambako, karibu na reli. Muuza mbao yeyote atakuambia kwamba fedha zake hazikai mfukoni. Zimepangwa uwanjani zinakauka, na hazisikii shida yako mpaka mnunuzi aje na lori. Ndiyo maana nilichukua kadi ya mkopo, ili shida ikija kabla ya lori niwe na pa kushika.

Nilipokuwa msichana benki ilikuwa moja tu, foleni yake inatoka hadi barabarani, na karani ana hasira tangu asubuhi. Baadaye milango ikafunguliwa. Benki zikaja za kila namna, za vioo na viyoyozi, hata kwetu kwenye baridi hii. Mimi nikachagua ile ya kigeni, kadi yake ina rangi ya dhahabu na inapokelewa nchi zote. Nilichagua kama mtu anavyochagua kitenge, rangi kwanza. Sikuuliza ukipiga simu yao anapokea nani, na yuko wapi. Nani huuliza?

Kisha shingo ya mama ikaanza kuvimba.

Huku milimani rovu si ajabu, bibi zetu wengi wamezikwa nalo. Lakini daktari wa hapa alilishika, akakaa kimya, halafu akasema hili la mama halikui kama rovu la kawaida, aende Dar es Salaam akapasuliwe, na asichelewe. Nikaomba benki impe mama kadi yake, yenye jina lake, inayolipa kwa akaunti yangu, ili hata nikiwa porini kwenye mbao asikwame. Mdogo wangu Daudi akamsindikiza.

Walipofika dirisha la malipo hospitalini, kadi ikagoma. Karani akawaambia wapige namba iliyo nyuma ya kadi. Simu ikapokelewa nchi ya mbali, kwa Kiingereza, Daudi akawa anatafsiri. Yule bwana akasema kadi imejifunga kwa usalama, ataifungua sasa hivi, ila lazima amsikie mwenye kadi akitaja kwa mdomo wake majina yake yote matatu.

Mama akataja mawili.

La tatu ni la ukoo wa baba yangu, yaani ni jina la babu, baba mkwe wake. Mama amezaliwa ng'ambo ya milima, Unyakyusa, na kwao mwanamke hamtaji baba mkwe. Hamtaji akiwa hai, hamtaji akiwa kaburini. Aliolewa hapa kwa Wakinga akaja na adabu yake hiyo, na tangu nimezaliwa sijawahi kulisikia jina lile kinywani mwake. Kwa lugha ya hapa maana yake ni jiwe, basi mama hata jiwe lenyewe halitamki. Husema "kile kigumu." Sisi watoto tulikuwa tunacheka. Ofisini humpa mtu karatasi asome mwenyewe, naye anaitikia kwa kichwa. Maisha yake yote ameishi hivyo na hakuna ofisi iliyomsumbua. Lakini simu haina kichwa cha kuitikia.

Yule bwana akauliza tena. Akauliza mara nyingine. Daudi akajaribu kulitaja yeye, akaambiwa hapana, lazima mwenye kadi. Watu kwenye foleni wanasubiri, karani anagonga kalamu. Mama akajifunika khanga mpaka puani. Simu ikakatika, kadi ikafungwa kabisa, na kitanda kikapewa mgonjwa mwingine.

Niliwapokea stendi ya Makambako. Mama alishuka polepole, khanga ile ile shingoni, akanishika mkono, akasema, "Tumaini, mimi kule sirudi. Siwezi kwenda kuvuliwa nguo mbele za watu."

Nilimkasirikia. Hilo naliandika hapa kwa sababu hapa sidanganyi. Nilisema moyoni, mama, ni jina tu, na mwenye jina ameoza zamani. Mimi mwenyewe nataja jina la baba mkwe wangu kila siku ya Mungu, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango la uwanja wangu wa mbao. Mume wangu anaona fahari. Hakuna aliyekufa.

Lakini mimi si mama.

Niliwapigia wale wa benki ya dhahabu, na nitasema haki yao. Hawakuwa wakorofi. Niliyempata aliniomba radhi kwa upole ambao sijawahi kuuona kwenye ofisi yoyote ya hapa kwetu. Nikamweleza habari ya wakwe kwa Kiingereza changu cha sekondari, akasema anaelewa kabisa. Kisha akasema kadi imefunguliwa, ila siku ikijifunga tena mama ataulizwa vile vile. Nikajua hakuelewa. Na angeelewaje? Kosa si lake, aliko yeye jina ni jina.

Jirani yangu Mzee Haji, mwenye malori ya kwenda Zambia, naye ana kadi hiyo hiyo na anaisifu sana. Nilipomwambia nataka kuhama niende benki ya hapa nyumbani ambayo simu zake zinapokelewa Dar, akaweka kikombe chini. "Dada Tumaini, hebu niambie. Unatafuta kadi au unatafuta ndugu?" Nikacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Maana ana hoja. Kadi ya benki ya hapa ina kiwango kidogo. Yule ninayeagiza kwake misumeno, nje ya nchi, haipokei. Nikiirudisha ya dhahabu, misumeno nitainunua kwa madalali kwa bei ya kuumia. Na kulipia ada za kadi mbili mwaka mzima siwezi, biashara yangu haina upana huo. Niliyapima haya yote huku najua kwamba upande wa pili wa mzani iko shingo ya mama, na bado nikayapima. Ndivyo tulivyo wafanyabiashara.

Hata hivyo nilikwenda Njombe, kwenye tawi dogo la benki ya hapa, mtaa wa Ramadhani. Nikamuuliza kijana wa dirishani, hizo simu zenu wanapokea Watanzania kweli? Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama ugali ni wa unga. "Wote, mama. Hata ukiwatukana wanaelewa." Nikajaza maombi, yangu na ya mama. Kadi zikaja wiki hii. Hazifanyi kazi mpaka kila mwenye kadi apige simu mwenyewe.

Jana nikapanda gari kuja Iwawa.

Mama hakutaka. Asubuhi yote alijifanya ana kazi, mara kuku, mara kuni. Mwishowe nikamwambia ukweli bila kuupaka asali: mama, daktari amesema usichelewe, na mimi nakuogopea. Sijawahi kumwambia hivyo. Akafunga khanga yake vizuri, akasema, "Haya, twende huko kwenye simu yako. Lakini wakiniuliza lile, naondoka."

Huku simu inashika vizuri juu kidogo, mwisho wa shamba la viazi. Tukakaa kwenye tuta, sauti nikaiweka wazi tusikie wote. Ukapigwa muziki, muziki, muziki. Ikakatika. Nikapiga tena, muziki tena. Mama akaanza kutazama njia ya kurudi. Nikawatukana wale watu moyoni kwa lugha zote ninazozijua, nikakumbuka upole wa yule bwana wa mbali aliyekuwa anapokea simu mara moja.

Ndipo akapokea msichana. Alisema jina lake ni Rehema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepokea simu nyingi bila kunywa chai. Nikamweleza kwamba nataka kufungua kadi, yangu kwanza, kisha ya mama yangu aliye hapa. Ya kwangu ikaisha upesi. Nikamsogezea mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Huko kwenu baridi, eti?"

"Viazi vimeungua," mama akasema, na ilikuwa mara ya kwanza leo kulisema.

Rehema akampa pole, pole ya kweli, akauliza vimeungua vyote au vya bondeni tu. Mama akamjibu. Kisha likaja, kama nilivyojua litakuja. Alimwomba ataje majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.

Mama akataja la kwanza. Akataja la baba yake. Akanyamaza, akaangalia mikono yake yenye udongo.

Nilitaka kulisema mimi, lilikuwa tayari ulimini. Sikulisema, kwa sababu nilitaka kujua yule msichana atafanya nini.

Ule ukimya ulikuwa mrefu, na kwa simu ukimya ni mrefu zaidi. Rehema hakuuliza tena. Alipoongea sauti yake ilikuwa imeshuka, ya mtu na mama yake jikoni. "Mama, hilo la mwisho ni la upande wa mzee?"

"Eeh," mama akasema.

"La baba mkwe?"

"Eeh, mwanangu."

"Basi liache. Liko hapa kwenye kitambulisho chako, nimeshalisoma, sina haja ya kulisikia. Hata bibi yangu, la mkwe wake hataji."

Mama akavuta pumzi. Mimi nikageuka upande wa bonde, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone.

Rehema akamwuliza mambo mengine: namba ya kitambulisho, mwaka aliozaliwa, kijiji. Nilimsomea mama namba, akairudia taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha Rehema akamwambia kwamba wataweka swali jipya la siri, ili siku kadi ikigoma, yeyote atakayepokea simu amuulize hilo badala ya jina. Achague mwenyewe kitu anachokijua yeye na asichoona haya kukitaja.

"Na wewe dada," akaniambia mimi, "naomba usogee kidogo. Hii ni ya mama peke yake."

Nikasogea. Nimelipa ada zote, nimejaza makaratasi yote, nikafukuzwa na binti nisiyemjua kutoka kwenye shamba la mama yangu. Nikatembea mpaka tuta la mwisho, nikasimama katikati ya majani yaliyoungua. Nikageuka nikamwona mama ameishika simu kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, anaongea. Kisha akacheka. Alicheka mpaka khanga ikamteleza, na ule uvimbe nikauona mchana kweupe kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Dar.

Hakuuficha mara moja.

Sijui aliulizwa nini wala alijibu nini. Tulipokuwa tunashuka nilitamani kuuliza, nikajizuia. Yeye ndiye aliyeongea. "Yule binti amelelewa," akasema. Baada ya hatua chache akaongeza, "Gari la kwenda Dar tunapandia Njombe au Makambako?"

Nikamwambia Makambako, Jumatatu, na safari hii nakwenda naye mimi. Mbao zitajikaukia zenyewe.

Kwa hiyo nimechagua. Ile ya dhahabu nitaikata kwa mkasi nikifika, na Mzee Haji atanicheka msimu mzima. Nitakosa misumeno. Wala nisijidanganye: siku nyingine nitapiga nikutane na muziki tu, na atakayepokea huenda asiwe Rehema. Na kadi, ya hapa au ya ng'ambo, haipasui shingo. Ninachokijua leo ni kwamba mama amekubali kwenda. Wiki iliyopita hilo sikuwa nalo.

Nina hofu. Daktari alikaa kimya alipolishika rovu la mama, na ule ukimya wake bado ninao.

Sasa hivi mama ameniita kutoka nje, giza linaingia na kuku wameshapanda. Mlango wa banda hauna komeo, tunauzuia kwa jiwe, jiwe lile lile tangu nikiwa mtoto. Nikaliokota. Mimi ni mjukuu, jina lile ni langu kulitaja nitakavyo, na nimelitaja miaka yote mbele ya mama bila kufikiri.

"Mama," nikamuuliza, "kile kigumu nikiweke chini au juu?"

Alinitazama kidogo.

"Chini, mwanangu. Hapo hapo. Kigandamize vizuri."