Shangazi Aliacha Kutugombeza

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele. Hujambo wewe, wifi yangu na watoto? Mgongo wako unaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baba bado anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta.

Nina habari za Shangazi. Usishtuke, ni nzuri, ila zilianza vibaya. Miezi michache iliyopita aliacha kutugombeza. Shangazi yule yule, ambaye huwezi kukaa kwenye kiti chake kusukwa bila kusomewa makosa ya mumeo! Sote tukafurahi. Baba akasema dada yake hatimaye ametulia, mama akamnunulia mtandio wa kumpongeza.

Kumbe tulikuwa tunapongeza ugonjwa.

Siku moja nilikwenda saluni kwake anisuke. Redio ilikuwa imezimwa. Alinisuka upande upande, nikamwonyesha kwenye kioo, akasema, "Si mbaya." Si mbaya! Mwanamke aliyewahi kumrudisha bibi harusi kutoka mlangoni kwa sababu ya msuko mmoja! Niliogopa kweli. Nikamuuliza kama analala vizuri. Akasema usingizi unakatika usiku na haurudi, chakula hakina ladha, na kufungua saluni asubuhi ni kama kusukuma kabati. Hakufiwa, hakuudhiwa. Alidhani ni uzee tu.

Nikaenda naye zahanati. Daktari akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kwamba huanza hivyo hivyo, kimya kimya, watu wakadhani mtu amebadilika tabia. Akamsifu kwa kuwahi. Sasa anaonana na mshauri kila wiki, na jioni anatembea na mama. Zipo siku bado anashinda kitandani, sikufichi.

Lakini jana alinitazama kichwa, akasema, "Nani kakusuka hivi, adui yako? Hebu kaa hapo!" Akanifumua nywele zote, huku akinisema mimi, mume wangu na mapazia yangu. Machozi yakanitoka. Alidhani ananiumiza, nami nikamwacha adhani hivyo.

Baba na mama wanakusalimu sana. Shangazi hakusalimu. Anasema hupigi simu, huna adabu, na siku ukirudi atakunyoa yeye mwenyewe, kipara. Mdogo wangu, sijawahi kukuandikia maneno mazuri kuliko hayo.

Mungu awalinde nyote huko mliko.

Dada yako akupendaye kila siku.