Pampu ya Uani Kwetu

Mama mpendwa,

Assalamu alaikum. Natumaini u mzima na goti limekupa nafuu. Sisi ni wazima. Mvua imeanza, samaki wa hilsa wamepanda bei, na mkweo bado anasema hakuna apikaye kama wewe. Nimeacha kumbishia.

Habari kubwa ni kikao cha Jumatatu. Mwenyekiti wa kata, Lokman Mridha, alitaka sheria ya kupima visima ifutwe na pampu zetu nyekundu, zile zilizokutwa na sumu, zipakwe kijani kama zenye maji salama. Alisema nyekundu imetutia aibu, mabinti hawaposwi, wageni wakiiona wanakataa hata chai. Akanigeukia akasema sisi watu wa maabara tukipewa chupa ya maji lazima tuone sumu, la sivyo tutakula wapi. Watu wakacheka. Hata mimi nusura nicheke, maana hana roho mbaya, ana mdomo tu.

Akasimama Komola, mjane wa fundi cherehani. Alisema mumewe aliuawa na maji matamu, ya baridi, yasiyo na harufu. Sumu hiyo ya aseniki haionekani kwa macho wala haionjeki kwa ulimi, na asiyeamini vipimo vya serikali ahamie kwake anywe mwezi mzima.

Nikaitwa nieleze. Nilisema kipimo hakina upendeleo, hakijui ni binti wa nani anaposwa. Hapo nikaikumbuka pampu ya uani kwetu.

Mama, unakumbuka miaka mitatu iliyopita nilipokuja kupima visima vya kijijini kwetu. Wiki ileile wakwe watarajiwa wa mdogo wangu Parul walikuwa wanakuja kumwona. Pampu ya uani, ile aliyoichimba Baba, ilitoa sumu mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Mimi niliipaka kijani. Nilijiambia nitairekebisha baada ya harusi. Harusi ikapita, nikaona haya, siku zikaenda. Sasa umeniandikia kuwa viganja vyako vimeota vipele vigumu, ukadhani ni jiwe la kusagia viungo. Si jiwe, Mama. Ni mimi, na sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Niliyasema yote palepale kikaoni. Mkuu wangu amenisimamisha kazi, na ana haki. Sheria imebaki. Mwenyekiti mwenyewe alisema kama hata mpimaji anaweza kudanganya, basi kila kisima kipimwe na watu wawili.

Barua hii nampa Jobbar wa basi akufikishie leo. Ukiisoma, usiyanywe tena maji yale wala usiyapikie wali. Chota pampu ya msikitini, ile niliipima kwa haki. Ijumaa nakuja nikupeleke hospitali, na kopo la rangi nyekundu nitalibeba mwenyewe.

Nisalimie Parul. Nisalimie na majirani wote wanaochota uani kwetu, na uwaambie leo hii waache. Sababu nitawaeleza mimi, mlango kwa mlango.

Mwanao,
Shahinur