Siku Niliyowafuata Tamashani

Mpendwa mdogo wangu,

Naanza kwa kukujulia hali wewe, shemeji, na mama yetu mnayekaa naye. Natumaini mpo salama na kwamba kile kikohozi cha shemeji kimemwachia. Mimi huku mwili ni mzima. Cherehani inazunguka, mgongo unalalamika kidogo, na majirani wote wanakusalimu. Kuhusu moyo utasoma huko mbele. Najua utashangaa dada yako kushika kalamu wakati simu ipo, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kusema uongo. Kwa hiyo kaa chini, usisome huku unapika.

Ulipokuja na shemeji kumchukua mama mlisema ni wiki mbili tu, abadilishe hewa. Nikamfungia nguo zake na dawa zake, nikakuandikia ukurasa mzima wa maelekezo: uji usiwe mzito, mguu wa kushoto ndio unaotangulia kuvikwa, asiachwe peke yake bafuni. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa mitano. Tangu apatwe na kiharusi, miaka tisa, ni mimi niliyemlaza na ni mimi niliyemwamsha. Kila uliponiambia kwamba anaendelea vizuri nilijibu kwamba namshukuru Mungu, halafu nikishakata simu nilinuna mpaka chakula kikapoa. Jirani akiniuliza mama anarudi lini, nilisema karibuni, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga safari. Wivu ni aibu kuuandika, lakini sina jina jingine la kuupa. Niliona umenichukulia mtu wangu.

Ndiyo maana uliponialika kwenye tamasha la mji wenu nilikwambia nina sare za shule arobaini mezani, siwezi kutoka. Sare zilikuwa kumi na mbili, na nilizimaliza Alhamisi. Jumamosi alfajiri nilipanda basi peke yangu. Sikutaka kuja kama mgeni wa kualikwa, nilitaka kuwafumania. Nilijiambia nitamkuta mama ameachwa na msichana wa kazi mbele ya televisheni, ninyi mmekwenda kucheza mitaani, nami nitasimama mlangoni na kuwapa maneno niliyoyapanga njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri, mdogo wangu. Abiria wa kando yangu aliniuliza kama nasali, jinsi midomo ilivyokuwa ikicheza.

Lazima niseme kweli, mji wenu ulinichanganya. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa magari, vitambaa vya rangi vimetandazwa kutoka dirisha hadi dirisha, matarumbeta yanalia kila kona, watu wazima wenye heshima zao wamejipaka rangi usoni. Kwa muda kama wa saa nzima nilisahau kilichonileta. Nilitembea nikitazama mishono ya watu, kama unavyonijua. Niliona koti moja la mpiga ngoma, mabega yake yameshonwa vizuri hata nikamfuata mtaa mzima, mpaka akageuka kuniuliza kama amedondosha kitu. Nilisimama kwenye duka la vitambaa nikashika kila jora. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi wala narudi saa ngapi. Jambo hilo lilinipendeza, na papo hapo likaniudhi, maana nilikumbuka kwamba wewe hewa hiyo unaivuta kila siku.

Nilipofika kwenye jengo lenu, mlinzi aliniambia mmetoka wote, na bibi pia. Nikamwambia bibi ninayemuulizia mimi hatembei. Akafikiri kidogo, akasema basi huenda humo ndani mna bibi wawili, kwa sababu huyu anayemjua yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza wenzake tangu asubuhi kwamba watachelewa. Nilimwona kama mtu aliyechoka na zamu. Sikumwachia jina.

Niliwakuta uwanjani, karibu na chemchemi. Nilimtambua shemeji kwanza, kwa ule urefu wake, na mkononi amebeba mkoba wa mama. Kisha nikakuona wewe. Yule mwanamke wa katikati yenu sikumtambua. Nywele amezikata fupi. Amevaa gauni la buluu lenye ukosi mweupe, na pindo, nisamehe, pindo limekunjwa mara moja tu kama la mtu mwenye haraka. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine ameshika aiskrimu. Alipogeuza uso kuelekea upande wangu ndipo nilipomjua. Mama alikuwa amesimama. Alikuwa amesimama wima, mdogo wangu, analamba aiskrimu niliyomkataza miaka tisa, anatikisa mabega kwa matarumbeta.

Dada mwema angekimbia kumkumbatia. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha kofia. Mwenye kibanda alinitazama mpaka nikaona haya, nikanunua kofia pana ya majani na kuishusha hadi kwenye nyusi. Hivyo ndivyo nilivyolisherehekea tamasha lenu. Mlipokwenda kutazama wachezaji wa kamba, nilikuwa nyuma yenu. Mlipokaa kunywa chai chini ya miavuli, nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama na njaa yangu. Nilikuona ukimfuta mama kidevu kwa kitambaa, naye akakunyang'anya kitambaa akajifuta mwenyewe, mkacheka. Kwangu hakuwahi kuninyang'anya kitambaa. Hilo liliniuma kuliko gauni.

Kisha mkafika kwenye lile jumba la maonyesho lenye ngazi mbele. Nilijua ngazi zitawarudisha. Huku nyumbani hata kizingiti cha mlango nilimwita fundi akakivunja ili mama asikikanyage. Nikamwona mama anampa shemeji fimbo, anashika reli, anaanza kupanda. Wewe ulikuwa hatua moja nyuma yake, mikono umeikunjua lakini hukumgusa. Sasa nisikilize. Alipofika katikati, moyo wangu ulitamani ateleze. Sikutaka aumie. Nilitaka ayumbe kidogo tu, mpige kelele, nami nitokee kwenye umati na kofia yangu, nimdake, mjue ni nani anayemjua mama. Hakuyumba. Alipofika juu aligeuka akatazama uwanja wote, na uso wake ulikuwa wa mwanamke niliyemwona mara ya mwisho nikiwa msichana.

Mlipotoka nilishindwa kuvumilia, nikampigia simu. Nilimwona akiitafuta mkobani. Alipoona ni mimi, alikuonyesha kidole mdomoni ili unyamaze, nawe ukaziba mdomo ukicheka.

"Niko kitandani tu, mwanangu," aliniambia. "Miguu leo imegoma. Wenzangu wamekwenda kwenye makelele yao."

Matarumbeta yalikuwa yakilia kwenye simu na kwenye sikio langu la pili kwa pamoja. Nilimuuliza ni kelele gani hizo, akasema dirisha liko wazi. Akaniuliza na huko kwangu mbona kuna ngoma, nikasema ni redio. Akaniuliza kama nimekula. Akasema hakuna ajuaye kumkorogea uji kama mimi. Halafu akakata, akarudisha simu mkobani, akakushika mkono mkaendelea na safari yenu. Mlikuwa na siri, ninyi wawili, na aliyefichwa ni mimi.

Nilibaki hapo. Karibu yangu alikuwepo mpiga picha wa mtaani aliyekuwa akitundika picha za siku hiyo kwenye kamba, na ya kwanza kabisa ilikuwa yenu watatu. Aliona naitazama sana, akaniuliza kama nawafahamu hao. Nikamjibu siwafahamu. Akasema ni familia inayopendeza, na kwamba yule mama alimchekesha mpaka kamera ikatikisika. Nikamwambia naona. Nimemkana mama yangu mchana kweupe, mbele ya mtu asiyenijua, kwa sababu tu kwenye picha hapakuwa na nafasi yangu. Nilipanda basi la saa kumi. Njia nzima sikupanga maneno yoyote.

Ungeishia hapo ungedhani nimekuandikia ili unihurumie. Usinihurumie bado. Mama amenidanganya kwenye simu kwa sababu ananijua. Anajua nisingefurahi kusikia kwamba anatembea. Na amejuaje? Hilo ndilo lililonikalisha mezani wiki nzima.

Unamkumbuka yule dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali, aliyenipa karatasi yenye michoro: kushika meza, kuinua kisigino, kusimama na kukaa, asubuhi na jioni. Tulianza, nami nilimsimamia mama vizuri. Mwezi wa nne wa mazoezi nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amesimama dirishani. Alikuwa ametoka kitandani peke yake, hatua sita. Alikuwa analia kwa furaha. Akaniambia akipata nguvu kidogo tu, atakwenda kukaa na kitindamimba wake, kwamba amekuwa akiliwaza hilo tangu siku alipoanguka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kiwandani kwa ajili yake. Yule mchumba wangu nilimwambia asubiri, naye hakusubiri. Na kumbe mtu aliyekuwa akimuwaza muda wote ni wewe.

Nilimrudisha kitandani. Nilimwambia daktari amesema ameharakisha, mshipa unaweza kupasuka tena, tusubiri. Daktari hakusema hivyo. Kila alipotaka kujaribu nilimtisha, mpaka akaacha kutaka. Karatasi niliikunja, nikaitia ndani ya mto wangu, nikaushona. Uliponiuliza kwenye simu, nilikwambia mazoezi yanaendelea ila mwili wake ni mzito. Miaka tisa, mdogo wangu. Nimesifiwa mtaa mzima kwa jinsi nilivyomtunza mama, na sifa zote nilizipokea.

Juzi niliufumua ule mto. Karatasi nimeiweka humu ndani ya bahasha. Michoro bado inaonekana. Nadhani mmeshapita mbali nayo, lakini hatua ya mwisho, ile ya kutembea bila kushika kitu, huenda hamjaifikia.

Sijui kuomba msamaha kwa barua, na sitajidai kwamba wivu umekwisha. Haujakwisha. Nikifumba macho bado nakuona ukimfuata kwenye zile ngazi bila kumgusa, na bado nauliza kwa nini wewe ulijua kufanya hivyo na mimi sikujua. Ninakuomba jambo moja tu. Mama miwani yake haimsaidii kwa mwandiko wangu, kwa hiyo msomee wewe. Msomee yote, usiruke mahali, hata pale pa ngazi. Akimaliza kusikia, usimtetee mtu. Mwache aseme anachotaka kusema.

Msalimie sana shemeji, na umshukuru kwa kubeba ule mkoba. Msalimie na mlinzi wenu, mwambie nilikosea mimi.

Jumapili saa nne asubuhi nitapiga simu. Mwambie mama kwamba akiamua kupokea, asinidanganye tena kuhusu miguu. Na akiamua kuiacha iite, nitaiacha iite mpaka mwisho, halafu nitarudi kwenye cherehani.

Wako katika damu,
Dada yako mkubwa