Faili la Mstaafu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mkumbushe auweke juu ya mto kila anapokaa. Mimi sijambo, ila mikono inauma kidogo, maana wiki hii mashine ya pasi pale chumba cha kufulia hospitalini imekufa, na mashuka ya wodi tatu tunayanyoosha kwa mkono.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunapigiana simu kila siku. Nimejaribu kukuambia haya kwa simu mara mbili. Mara zote mbili uliposema "haloo" sauti ilinikimbia, nikaishia kukuuliza habari za watoto. Kwenye karatasi hutanikatiza, wala hutanisikia nikilia.

Kwanza nikupe habari za mashindano, kwa sababu niliporudi hatukupata wasaa wa kuyazungumza. Bendi yetu imeshika nafasi ya pili. Unajua jinsi tunavyopiga: ngoma kubwa tano, kila moja na sauti yake, kila mtu na pigo lake, na tukipatana msikilizaji huapa kwamba ni mtu mmoja mwenye mikono kumi. Safari hii tulipatana mpaka nikasahau kuwa nina mikono. Wewe nilikufundisha hayo mezani kwako kwa vijiko, ukipiga pigo langu nami nikipiga la jirani yangu, hadi wifi akatunyang'anya vijiko vyake. Katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza swali la pili kuhusu ngoma. Mama husema ni mambo ya watoto wa shule. Wewe uliuliza.

Na Mstaafu vilevile. Nilipomchukua kwenye kile kituo kinachowatafutia makao mbwa waliostaafu mashindano ya mbio, watu walinicheka: mjane wa miaka arobaini na mmoja anajiletea kimbaombao cha mbwa kisichojua hata kupanda ngazi. Ni wewe uliyekuja ukashinda naye kwenye ngazi zangu, ukimwinua mguu mmoja mmoja mpaka akajua. Ni wewe uliyegundua kwamba hulala macho wazi. Ndiyo maana nilipoondoka siku nane kwenda mashindanoni sikumfikiria mtu mwingine wa kumwachia.

Niliporudi ulinipokea mlangoni kwako ukaniambia kwamba alichomoka geti lilipofunguliwa kupitisha lori la mchanga. Ukalia. Mimi ndiye niliyekubembeleza wewe. Siku nne tulizunguka pamoja, kuanzia kiwanda cha matofali mpaka nyuma ya soko, ukiita jina lake hadi sauti ikakukauka. Matangazo uliyabandika kwa mkono wako, na pale nilipokosea namba ya simu ukanisahihisha. Siku ya nne ulisema taratibu kwamba labda tuache, na kwamba kile chumba chako cha nyuma bado kitupu, nihamie nikusaidie kumtunza mama, maana sasa sina kinachonifunga.

Wiki iliyopita nilikwenda kituoni. Mkataba wao unataka mbwa akipotea waarifiwe, nami nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya uchungu. Karani, dada mmoja mpole mwenye miwani iliyogangwa kwa plasta, alichukua namba ya mbwa akatoa faili. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Kisha akanigeuzia.

"Samahani, mama," akasema. "Hapa imeandikwa mmiliki amefariki."

Tarehe ya kurudishwa mbwa ni siku ya pili tangu niondoke. Sahihi ni yako, ileile yenye mkia mrefu uliyokuwa ukitia kwenye ripoti zangu za shule baada ya baba kufa. Chini yake umeandika: kaka wa marehemu. Basi mimi marehemu nikakaa kwenye benchi, karani akaniletea maji.

Mstaafu alikuwa amekabidhiwa mwalimu mmoja mzee aliyeacha kazi, anayeishi na mkewe. Karani hakuruhusiwa kunipa anwani, lakini alinipa. Nilikwenda siku hiyohiyo, aproni ya kazini ikiwa bado mwilini. Mwalimu alipofungua mlango, mbwa alipita ubavuni mwake, akaja bila haraka, akaniegemea paja kwa uzito wake wote. Mzee akatutazama tulivyosimama, akaniuliza mimi ni nani kwa yule mwanamke aliyekufa. Nilipomweleza, alimwita mkewe. Mkewe ndiye aliyeingia ndani kuleta kamba na blanketi. Walinisindikiza hadi barabarani, na wakati wa kuagana mzee aligeuza uso. Hao nao umewaumiza, na hawakujui hata sura.

Nilidhani yameisha. Ijumaa kiongozi wa bendi aliniita pembeni akaniuliza mgongo unaendeleaje. Mgongo upi? Akasema kaka yangu alimpigia simu, akamwomba anipumzishe ngoma kubwa kabla sijaumia zaidi, ila asiniambie, maana nina kiburi. Alikuwa ameshapata mtu wa kushika ngoma yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Najua umechoka, kaka. Mama ni mzito kumwinua, wifi anafanya kazi za zamu, na kila uliponiomba nihamie nilikujibu yaleyale: nina bendi, nina mbwa. Ukaondoa kimoja, ukaanza na cha pili. Hayo pengine ningeyameza. Zile siku nne ndizo zinazonikaba. Ungeweza kukaa nyumbani kwako. Ulikuja ukaita jina la mbwa ambaye ulijua yuko wapi, ukaniangalia nikipiga magoti kuchungulia chini ya magari ya watu.

Nami nina la kukiri. Bendi na mbwa vilikuwa kisingizio. Hata kama nisingekuwa navyo, nisingehamia. Nilimuuguza mume wangu miaka sita, na asubuhi ya kwanza nilipoamka bila kumsikilizia mtu kama bado anapumua, nilifurahi. Niliona aibu kukuambia hivyo, nikajificha nyuma ya ngoma. Ningesema ukweli, tungegombana, ungeninunia mwezi mzima, yakaisha. Kosa hilo ni langu na ninalibeba. Lakini mimi sikukuzika ukiwa hai.

Mama sijamwambia. Utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Kuanzia wiki ijayo nitakuja kila Jumatatu na Alhamisi nikitoka zamu ya asubuhi, nimwogeshe, nimfulie, niondoke kabla hujarudi kutoka kazini. Ufunguo uuache kwa jirani. Ule wa nyumba yangu ulio nao mpe wifi aniletee. Nyuma ya karatasi hii nimeandika anwani ya yule mwalimu. Mwandikie, umweleze mwenyewe kwamba sijafa.

Nisalimie wifi na watoto, kila mmoja kwa jina lake, na umbusu mama kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote humo ndani. Usinipigie. Nikiwa tayari kuisikia sauti yako, nitapiga mimi.

Mimi,
mdogo wako