Mavyaa Anataka Kusimama Nyuma ya Gari, Nami Rivasi Sijui

Bi Kijakazi, assalamu alaykum, na kama umri wako ni wa kuamkiwa basi shikamoo, maana picha yako gazetini ni ndogo siwezi kujua. Nakuandikia nikiwa na haya hata kalamu inateleza, na nakuomba usinicheke, au ukicheka, cheka kwanza halafu unijibu.

Mimi ni mke wa mtu, nimezaliwa hapa hapa Kiegeani, Mafia, na ni mkulima wa mwani pamoja na wenzangu katika chama chetu cha wanawake. Mwaka huu tumejaliwa kupata kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na wenzangu wakasema safari hii hatutaki dereva mwanamume, maana waliotangulia ukiwapigia simu wanasema wako njiani kumbe wamelala, mwani unanyeshewa barabarani, basi tumfundishe mmoja wetu, na macho yote yakanigeukia mimi kwa sababu ndimi ninayejua baiskeli. Nikakubali, tena kwa mbwembwe.

Mwalimu tuliyempata ni mzee Shaibu, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mzee Shaibu ndiye aliyekuwa mshenga wetu, ndiye aliyekwenda kuniposa kwa baba yangu, na huku kwetu mume na mke wakigombana kwa mshenga ndiko wanakorudi, sasa mshenga mwenyewe akikukosea utampeleka kwa nani? Akiniambia tukutane baada ya alasiri nakaa kibarazani nimevaa viatu mpaka magharibi inaadhiniwa, haji, simu hapokei, kesho yake anakuja anacheka, "Mwanangu, jana nilishikwa kidogo." Na siku akija ananiambia songa, anashika usukani mwenyewe, kwa sababu ana pweza wa kupeleka Utende kwa mteja na barafu inayeyuka, mimi nakaa pembeni nimepakata ndoo ya pweza, na hilo ndilo somo. Siku akinipa usukani ni mbele tu, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa bahati, na nilipomuuliza, "Mzee, rivasi tutasoma lini?" akanijibu, "Wewe unakwenda mbele, huko nyuma umesahau nini?" Nikacheka. Nilicheka, Bi Kijakazi, badala ya kumwambia nifundishe.

Siku moja tulifika nyumbani akaniachia gari lake linanguruma, akaenda barazani kunywa kahawa, akasema ligeuze mwenyewe, umeshaiva. Nikapapasa gia mpaka moja ikaingia, nikakanyaga mafuta nikidhani nimekanyaga breki, gari likarudi nyuma kwa nguvu likaangusha ua wa makuti wa bafu, na ndani ya bafu alikuwamo mavyaa wangu, Mwanamkuu, mama mzaa mume wangu, mtu mzima wa mvi, anaoga. Mnazi ndio uliolisimamisha lile gari, si mimi. Alitoka na sabuni kichwani, kanga ameishika kwa meno, majirani wanakuja mbio, na mimi nimeganda kwenye usukani. Mzee Shaibu akafika anahema, akainama dirishani akaninong'oneza, "Sema breki zimekata, la sivyo wataniuliza mimi nilikuwa wapi." Nikasema breki zimekata. Wallahi nilisema, tena kwa sauti.

Sasa aibu yenyewe ndiyo hii. Mavyaa anazunguka nyumba hadi nyumba akisimulia jinsi mkwe wake alivyopambana na gari lisilo na breki akalielekeza kwenye mnazi makusudi ili lisimuue, wanawake wanapiga vigelegele, wamenisomea dua, wamepika pilau, na kila akimaliza kusimulia ananigeukia, "Au siyo hivyo, mwanangu?" nami naangalia chini. Mume wangu Hafidhi naye ananiita shujaa. Nimekonda, na wao wanadhani ni mshtuko wa ajali.

Kirikuu nimeshaanza kukiendesha hapa kijijini, leseni sina, na ili nisirudi nyuma nazunguka minazini mpaka nitokee mbele tena. Nikikutana na gari kwenye njia nyembamba nashuka, namwomba dereva wa gari hilo anirudishie langu, na watu wanasema mashallah, mwanamke ana adabu huyu, anapisha. Ila Careen, muuguzi aliyehamia huku kutoka bara, hakudanganyika, alinirudishia gari kisha akasema, "Dada, rivasi hujui, eeh? Njoo Jumapili nikitoka kanisani nikufundishe." Nikamjibu naijua sana, ni mkono tu unaniuma. Akautazama mkono, akaondoka zake.

Bamvu hili, siku hizi za maji kujaa na kupwa sana, mwani ukikauka ndiyo safari yetu ya kwanza ya kupeleka magunia Kilindoni, na pale gatini gari letu litashuka kinyumenyume mpaka ilipo boti, watu wamejazana, na mavyaa ameshatangaza kwamba yeye ndiye atakayesimama nyuma kuniita njoo, njoo, hataki mwingine. Mzee Shaibu anasema nisihangaike na mtihani, cheti atanitafutia kwa watu wake. Nikisema ukweli namvua nguo mshenga wetu, mavyaa ataonekana mwongo kijiji kizima, na wenzangu watarudi kwa madereva wale wale na wanaume watasema si tuliwaambia. Nikinyamaza, yule mama atakuwa amesimama pale nyuma yangu. Nifanye nini, Bi Kijakazi? Jina langu lifiche, tafadhali.

Mwenye haya, Kiegeani

*Bi Kijakazi anajibu:*

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, nimecheka, pale kwenye ndoo ya pweza. Nilipofika bafuni nikaacha.

Tuanze na mzee wako. Shaibu si mwalimu, ni muuza pweza anayependa kuwa na mtu wa kupakata ndoo. Alikwenda kukuposa, tunamshukuru, na pilau ya harusi alikula. Heshima ya mshenga ni kumwamkia, kumkaribisha ndani, kumpelekea sahani siku ya Idi. Haijafika mahali pa kumsaidia kudanganya watu. Hicho cheti chake usikiguse hata kwa ncha ya kidole. Siku trafiki atakapokusimamisha Kilindoni, Shaibu atakuwa ameshikwa kidogo mahali pengine, na utakayelala rumande ni wewe.

Unauliza mshenga akikosea anapelekwa kwa nani. Anapelekwa kwa mumeo, kwa sababu mshenga huyo hakuwa wako peke yako. Mwambie Hafidhi mkiwa wawili, yote, pamoja na hilo la breki, kisha aende yeye akamshukuru mzee kwa adabu na kumwambia masomo yamekwisha. Usiende wewe. Wewe utacheka tena.

Sasa na wewe, maana nakuona unajisogeza nyuma ya Shaibu ili nisikufikie. Yeye alinong'ona, lakini mdomo uliosema mbele ya majirani ni wako. Mtu mzima unaendesha gari bila leseni katikati ya watoto wa watu, kisa unaona haya kutamka neno "sijui"! Hivi siku mtoto akikatiza nyuma yako huko minazini, utasema tena mkono unauma? Ufunguo wa kirikuu mrudishie mwenyekiti wenu leo hii. Safari ya kwanza mtafute dereva, hata awe mmoja wa wale wasinziaji, mkamwamshe kwake alfajiri, na uwaambie wenzako kwa nini. Watanuna, na wana haki ya kununa. Wanaume wakisema, waache waseme, wao pia kuna siku hawakujua kuendesha. Halafu Jumapili nenda kwa Careen ukamwombe radhi. Huyo alikuona siku moja tu akajua unachokosa, na hakukutangaza. Mwombe akusaidie kupata mwalimu wa kweli, anayefika saa aliyosema, na mtihani ukaufanye mwenyewe. Rivasi si uchawi. Utaijua.

Nimebakisha mavyaa wako, nimemweka mwisho makusudi.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Mtu mzima yumo ndani ya ua wa makuti, anasikia injini inavyopiga kelele kama mtu aliyekanyaga mafuta. Anatoka, yupo hapo hapo karibu na dirisha wakati Shaibu anakunong'oneza. Halafu katika kijiji kizima eti yeye ndiye asiyejua kilichotokea? Mwanangu, simjui Mwanamkuu, lakini wanawake wa namna yake nimeishi nao. Alikwenda nyumba hadi nyumba ili habari yake ifike kabla ya habari ya mtu mwingine. Alikuwa anakusitiri. Sabuni ingali masikioni, na anakusitiri!

Na kila akimaliza anakuuliza, "Au siyo hivyo, mwanangu?" Wewe umedhani anajisifia mkwe. Lile ni swali, na amekuuliza mbele ya watu wote hao, na kila mara umeangalia chini. Ameona hujibu. Ndipo aliposema atasimama nyuma ya gari lako gatini, mwanamke ambaye juzi tu gari lilimkosa akiwa uchi wa mungu. Mtu hafanyi hivyo kwa kuuamini udereva wako. Anakusogezea jambo mpaka ushindwe kunyamaza.

Kwa hiyo usimwogope kwamba ataonekana mwongo. Alilisema lile kwa ajili yako, na atajua mwenyewe namna ya kulifuta. Nenda kwake peke yako, usiende na mumeo, usipeleke zawadi, usianze na habari za Shaibu. Kaa naye mkekani umwambie, "Mama, breki hazikukata. Mimi sijui kurudi nyuma, na niliona haya kusema." Ukilia, lia. Akikugombeza, sikiliza mpaka amalize, anastahili.

Jina lako nimelificha, lakini wengine wote umewataja, na huko Kiegeani mwanamke anayeendesha kirikuu ni wewe tu, ndiyo maana majibu haya nimekutumia kwenye namba ya simu uliyoniandikia kabla gazeti halijachapwa. Likifika Kilindoni mavyaa wako awe ameshasikia kinywani mwako. Nenda leo, mwanangu. Usipokwenda, yule mama atasimama pale nyuma kweli.